Mashine ya boti iliyotumika: Bei ya haki hupimwa vipi?

Na Mwandishi Wetu, Uroa

MNUNUZI wa mashine ya boti iliyokwishatumika hukabiliwa na swali moja gumu kabla hajatoa fedha zake: je, bei anayotajiwa ni ya haki? Swali hilo huwa zito zaidi katika kijiji cha Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa kuwa mashine ikizimika nje ya mwamba hazipotei fedha peke yake. Roho za watu nazo huwa hatarini.

Uroa imo katika Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini Unguja, ikipakana na Pongwe upande wa kaskazini, na Marumbi na Chwaka upande wa kusini. Wakazi wake wengi hutegemea bahari kwa uvuvi, kilimo cha mwani na, katika miaka ya karibuni, kazi zinazotokana na hoteli za ufukweni. Mbele ya kijiji yapo maji ya kina kifupi yenye mchanga na majani ya baharini, na mbele yake zaidi upo mwamba wa matumbawe. Anayetaka samaki wa kina kirefu hana budi kuuvuka mwamba huo kupitia mlango wake, na kurejea kwa mlango huo huo.

Kwa miaka mingi safari hiyo ilifanywa kwa ngalawa na tanga. Leo vyombo vingi hutumia mashine za kupachika, hasa zile za mzunguko wa viharusi viwili zenye nguvu za farasi 15 hadi 40. Mashine mpya ni mali kubwa kwa mvuvi mdogo, hivyo wengi huanza na iliyotumika. Hununua kwa mvuvi mwenziwao, kwa mwenye boti za watalii, au kwa mfanyabiashara aliyeagiza mitumba kutoka nje.

Wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, nao wameingia katika soko hilo. Mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri zaidi kuliko spinosum, umekuwa ukifa katika maji mafupi kutokana na joto. Baadhi ya vikundi vimelazimika kusogeza mashamba yao kwenye kina kirefu, mahali ambapo mkulima hafiki kwa miguu wakati wa maji kupwa. Kwao pia, boti na mashine vimekuwa zana za kazi.

Vipimo viwili vinavyopotosha

Ukiuliza bei ya mashine iliyotumika, mara nyingi utapewa moja ya majibu mawili. La kwanza ni kuwa bei yake ni nusu ya mpya. La pili ni kuwa fulani alinunua kama hiyo kwa kiasi fulani, basi na hii ni kiasi hicho hicho.

Majibu yote mawili yana kasoro moja. Yanaitazama mashine kama jina na nguvu za farasi, bila ya kuangalia hali yake. Mashine mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza, baada ya miaka mitano, kutofautiana kama mgonjwa na mzima. Moja huenda ilioshwa kwa maji baridi kila jioni, na nyingine ikaachwa na chumvi ndani ya njia zake za maji. Kwa nje, kwa rangi mpya iliyopuliziwa wiki iliyopita, zote zitang'ara. Wahenga walikwishaonya kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Bei ya haki, kwa hiyo, haianzi na bei ya mpya wala bei ya jirani. Huanza na bei ya mashine nzima ya aina na umri huo, kisha hupunguzwa kila kitakachogharimu kuifanya iweze kwenda nje ya mwamba na kurudi. Hesabu hiyo haiwezi kufanywa kabla ya mambo matatu kuthibitishwa: mwenye mali, hali ya mashine, na kufaa kwake kwa chombo kilichopo.

Mali ni ya nani?

Jambo la kwanza halihitaji fundi. Kila mashine ina namba yake ya kiwandani, ambayo kwa kawaida huwa kwenye kibati kilichobandikwa katika bano linaloishika mashine kwenye boti. Mashine nyingi zina namba hiyo pia kwenye chapa ndogo ya chuma iliyogongwa katika bloku ya injini yenyewe. Namba hizo zinapaswa kulingana, na kulingana pia na risiti ya muuzaji.

Kibati kilichobanduliwa, namba iliyopigwa msasa, au mashine yenye kifuniko cha aina moja na bloku ya aina nyingine ni dalili za kutosha za kusita. Mashine ya wizi haina bei ya haki hata ikiuzwa kwa robo ya thamani yake, kwa sababu mwenyewe akitokea, mnunuzi atapoteza mashine na fedha, na huenda akalazimika kujieleza polisi.

Ipo pia mali isiyo ya wizi lakini isiyouzika. Mashine iliyotolewa kwa kikundi, au iliyonunuliwa kwa mkopo ambao haujamalizika, si ya mtu mmoja hata kama yeye ndiye anayeitumia kila siku. Muuzaji wa mashine ya namna hiyo anapaswa kuonesha idhini ya wanakikundi au barua ya mkopeshaji.

Aidha, mnunuzi asichanganye karatasi. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar Namba 7 ya mwaka 2010 inahusu pamoja na mambo mengine leseni za uvuvi. Leseni ya chombo, hata ikiwa hai, si hati ya kumiliki mashine iliyopachikwa nyuma yake.

Anza chini, malizia juu

Mnunuzi asiye mzoefu hufungua kifuniko cha juu kwanza. Kwa mashine iliyofanya kazi Uroa na vijiji jirani, ni busara zaidi kuanza chini. Bahari ya hapo hupwa sana, hasa wakati wa bamvua, na chombo kinachochelewa kurudi hupita juu ya mchanga na mawe. Kinachoumia kwanza ni sehemu iliyozama majini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Rafadha, yaani panga la kusukuma maji, huonesha mengi. Ncha zilizokatika au kupinda hupunguza nguvu na kuleta mtetemo unaokula beringi. Rafadha yenyewe hubadilishwa kwa urahisi. Kinachotisha zaidi ni shafti iliyopinda. Fundi huizungusha kwa mkono, gia ikiwa huru na waya za plagi zikiwa zimetolewa, na kuangalia kama inayumba.

Baada ya hapo hufunguliwa skrubu ya chini ya boksi la gia ili oili kidogo idondoke. Oili nzima huwa na rangi yake ya kawaida. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kupitia mipira ya kuzuia maji. Ikiwa na chembe za chuma zinazometa, meno ya gia yanasagika. Hali ya kwanza inaweza kuwa matengenezo madogo ikiwa imegunduliwa mapema, lakini ya pili inaweza kugharimu sehemu kubwa ya thamani ya mashine nzima.

Pampu ya maji hufuata. Ndani yake mna impela, gurudumu dogo la mpira linalovuta maji ya bahari ili yapoze injini. Mchanga wa maji mafupi huikwangua na kuidhoofisha. Mashine ikiwaka, mkondo wa maji unaotoka pembeni unapaswa kuwa na nguvu na usiokatika. Mkondo dhaifu unaweza kuwa na maana ya impela iliyochakaa, ambayo si ghali, au njia za maji zilizoziba kwa chumvi, ambazo ni kazi kubwa zaidi.

Vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye mwili wa mashine navyo visisahaulike. Kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya mwili huo. Vikiwa vimekwisha kabisa, au vimepakwa rangi juu na hivyo kushindwa kufanya kazi, mnunuzi ajue kuwa chumvi imekuwa ikila kitu kingine.

Juu, chini ya kifuniko, plagi ndizo mashahidi wa kwanza. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Nyeusi yenye mafuta huashiria oili iliyozidi au uunguzaji hafifu, na nyeupe iliyochomeka huashiria joto kali. Plagi moja ikiwa safi isivyo kawaida huku mwenzake imechafuka, huenda maji yanaingia katika silinda hiyo na kuisafisha kwa mvuke.

Kipimo kikuu cha moyo wa mashine ni mgandamizo, ambao mafundi huuita kompresheni. Fundi hutoa plagi zote, hufunga geji katika kila silinda kwa zamu, na kuvuta kamba ya kuwashia mara kadhaa. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kuwa tofauti kati ya silinda na silinda isizidi sehemu moja ya kumi. Tofauti ikiwa kubwa zaidi, ringi, pistoni au ukuta wa silinda umechakaa. Hilo linapaswa kuonekana katika bei.

Lipo swali jingine ambalo wauzaji wachache hulitaja bila ya kuulizwa: je, mashine hii imewahi kuzama? Mashine iliyoanguka katika maji ya chumvi inaweza kuokolewa ikiwa imeoshwa na kutiwa oili ndani ya saa chache. Ikiachwa hata siku mbili, kutu huanza kula beringi za ndani, na madhara yake huweza kuonekana miezi kadhaa baadaye. Kutu nyekundu kwenye boliti za ndani na chumvi iliyoganda chini ya sumaku ya kuwashia ni miongoni mwa dalili zake.

Pipa si bahari

Wauzaji wengi huwasha mashine ndani ya pipa la maji. Jaribio hilo lina faida yake, kwani linaonesha kama mashine inawaka na kama inatoa maji. Hata hivyo, ndani ya pipa mashine haibebi mzigo. Kasoro nyingi hujitokeza pale tu inaposukuma chombo chenye watu, nyavu na barafu.

Jaribio la haki ni la baharini, maji yakiwa yamejaa, kwa muda usiopungua nusu saa, na kwa mzigo unaokaribiana na wa kazi. Mnunuzi asikilize kama injini inapanda mzunguko ghafla bila ya chombo kuongeza kasi, kwani huenda kitovu cha rafadha kinateleza. Kisha aizime ikiwa ya moto na kuiwasha tena. Mashine yenye mgandamizo dhaifu huweza kuwaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, ikakataa adhuhuri ikiwa imepata moto.

Kipimo hicho kina uzito wa pekee katika pwani ya mashariki. Wakati wa kusi, upepo hutoka baharini kuelekea nchi kavu. Chombo kilichozimikiwa mashine nje ya mwamba hakisukumwi kwenye usalama, bali kwenye mawe yanayopigwa na mawimbi. Ndiyo maana mashine inayokataa kuwaka ikiwa ya moto haipunguzwi bei kidogo tu. Mpaka itengenezwe, haifai kwa kazi ya nje ya mwamba.

Inakufaa wewe?

Mashine inaweza kuwa nzima na bado isiwe na thamani kwa mnunuzi fulani. Urefu wa mguu wake unapaswa kulingana na nyuma ya chombo. Mguu mfupi wa kawaida ni wa takriban sentimita 38, na mrefu takriban sentimita 51. Mfupi kwenye chombo kirefu huvuta hewa na kukosa nguvu. Mrefu kwenye chombo kifupi hukwama chini mapema, hasara iliyo dhahiri katika maji yanayopwa kama ya Uroa.

Nguvu nazo ni hesabu ya petroli. Farasi 40 kwenye chombo kinachotosheka na farasi 15 ni kumwaga fedha baharini kila siku. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar, ZURA, hutangaza bei za mafuta kila mwezi, kwa hiyo mnunuzi anaweza kukadiria gharama hiyo kabla ya kununua. Mashine za viharusi viwili huhitaji pia oili ndani ya petroli, kwa kiwango cha kawaida cha lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli. Iliyochakaa hula zaidi na kusukuma kidogo.

Kwa mitumba ya nje, umri ni sehemu ya bei. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza mwaka 2007 kutumia viwango vikali vya moshi kwa mashine mpya za viharusi viwili, na zile za kabureta zikaondoka katika soko la kawaida la burudani. Anayeambiwa kuwa mashine ya aina hiyo imetoka Ulaya na ina umri wa miaka michache tu, ana haki ya kuomba uthibitisho.

Hesabu yenyewe

Baada ya ukaguzi, bei hupangwa kwa kalamu. Mfano ufuatao ni wa hesabu tu, na si bei ya duka lolote.

Tuseme mnunuzi ameuliza sehemu tatu na kupata kuwa mashine ya aina na umri anaoutaka, iliyo nzima, huuzwa Sh3,000,000. Mashine aliyoletewa yeye inahitaji impela na mipira ya boksi la gia kwa Sh250,000, ringi na kazi ya fundi Sh400,000, na rafadha Sh150,000. Jumla ya matengenezo ni Sh800,000. Chombo kitakaa ufukweni siku sita kikisubiri, na kila siku kinapoteza Sh40,000. Hiyo ni Sh240,000 nyingine.

Ukitoa Sh800,000 na Sh240,000 katika Sh3,000,000, unabaki na Sh1,960,000. Hiyo ndiyo bei ya haki. Muuzaji akitaka Sh2,600,000, anadai Sh640,000 kwa uzima ambao mashine haina.

Hesabu ya pili hupima kama mnunuzi anaimudu. Katika mapatano mengi ya uvuvi, mapato yakishatolewa gharama hugawiwa mafungu, na mashine huwa na fungu lake. Tuseme fungu hilo ni wastani wa Sh15,000 kwa siku, na chombo hutoka siku 15 kwa mwezi. Mashine italeta Sh225,000 kwa mwezi. Kwa bei ya Sh1,960,000 pamoja na matengenezo, mtaji wa Sh2,760,000 utarudi baada ya miezi 12 hivi. Kwa bei ya muuzaji, mtaji wa Sh3,400,000 utahitaji zaidi ya miezi 15. Tofauti hiyo ya miezi mitatu inaweza kuwa ndiyo miezi ya kusi, ambapo siku za kutoka hupungua.

Haki ya muuzaji

Bei ya haki haina maana ya bei ya kumkamua muuzaji. Aliyetunza mashine yake, akahifadhi risiti, akabadilisha impela kwa wakati na kukubali ijaribiwe baharini anastahili kulipwa zaidi ya bei ya kawaida, kwa sababu anauza pia uhakika. Mnunuzi anayetumia dhiki ya mwenziwe, mathalani aliye na mgonjwa, kushusha bei chini ya thamani anayoijua, naye ameiacha haki.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi mno Zanzibar, jambo hilo lina msingi wa kidini. Sheria ya biashara ya Kiislamu inamtaka muuzaji aibainishe aibu ya kitu anachokiuza. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi visiwani, mnunuzi aliyegundua aibu ya zamani iliyofichwa ana hiyari ya kurejesha kitu, ilimradi asichelewe baada ya kuigundua. Muuzaji anayesema wazi kuwa ringi zimechoka hajiharibii biashara. Anajiondolea mgogoro wa kesho.

Ndiyo maana maandishi ni muhimu hata kati ya ndugu. Hati ya mauziano inapaswa kutaja majina ya pande mbili, namba ya mashine, bei, kasoro zilizobainishwa, na muda wa majaribio ikiwa upo. Kama malipo ni ya awamu, bei yote na tarehe za malipo zikatwe siku hiyo hiyo. Mashahidi wawili watie saini, na ni vyema sheha wa shehia ajulishwe.

Gharama ya kumwita fundi mwenye geji, kununua petroli ya jaribio la nusu saa na kuandika karatasi moja ni ndogo ikilinganishwa na mtaji wa mwaka mzima. Muuzaji anayekataa yote matatu amekwishatoa jibu kuhusu bei yake, na mnunuzi anaweza kuondoka bila ya kuendelea kupatana.